Swali la Ishirini na Mbili

Fomu ina kurasa mia na ushei.
Nimeandika kila nyumba niliyolala miaka kumi,
hata karavani la shangazi Eulalie, hapa Pascagoula,
lenye bomba bovu na paka watatu.
Nimeandika majirani wanaonifahamu,
na mke tuliyeachana, na simu yake mpya
(nilimwomba kwa adabu; akacheka, akanipa).
Sasa nimefika swali la ishirini na mbili
na kidole kimeganda juu ya kitufe.

Je, umewahi kushtakiwa?
Na chini yake, kwa herufi ndogo kama sisimizi:
jibu hata kama kesi ilifutwa,
hata kama faili lilifungwa kwa lakiri.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa.
Mimi na Thaddeus, binamu yangu, tuliingia
shule iliyohamwa baada ya kimbunga
tukang'oa nyaya za shaba darini, ratili sitini.
Thaddeus alinunua viatu.
Mimi nililipa bili ya umeme ya mama.
Hivyo ndivyo husimulia nikitaka kuhurumiwa.
Nililipa nusu. Nusu niliinywa.

Kifungo cha nje, miezi kumi na minane.
Kila Jumamosi nikifagia uwanja wa mahakama
kwa fulana ya rangi ya chungwa,
wasichana niliosoma nao wakipita.
Kisha hakimu Broussard akagonga muhuri:
nenda, kijana, limekwisha.
Mama aliikunja karatasi ile, akaitia ndani ya Biblia.
Yaliyopita si ndwele, akasema.

Lakini serikali, mama, ni tabibu wa namna yake:
hagangi yajayo
mpaka aweke kidole juu ya kovu
aulize, hapa paliuma lini?

Karakanani Delmar ananinong'oneza: nyamaza,
imefutwa, nani atajua?
Rufino alinyamaza.
Yake ilikuwa baiskeli tu, tena ya mtoto.
Hawakumnyima kibali kwa sababu ya baiskeli.
Walimnyima kwa sababu ya "Hapana."

Nikabonyeza Ndiyo.

Mpelelezi alikuja Alhamisi, Bi. Halvorsen,
viatu vyake vimelowa mvua, hakutaka kahawa.
Nani aliwanunulia shaba? Jina lake?
Unadaiwa na nani sasa?
Unakunywa kiasi gani, tangu lini ulipunguza?
Na Thaddeus, yuko wapi leo?
Gerezani Parchman, kwa jambo jingine.
Mnaandikiana?
Kila Krismasi.
Akaandika kitu kirefu kuliko jibu langu.

Nikamweleza kazi yangu, maana kimya kilinitisha.
Nikasema, bibi, mshono wa chuma tunaupiga eksirei.
Kikionekana kiputo, tunachimba, tunachomelea upya,
na daftari linasema: hapa palitengenezwa,
siku fulani, kwa mkono wa fulani.
Meli zote unazoziona pale bandarini
zinaelea na viraka vyake vimeandikwa.
Alinitazama kidogo.
Hilo hakuliandika.

Alipotoka alibisha kwa jirani, bwana Ngo,
ambaye tuligombana kuhusu ua mwaka juzi.
Nilisimama nyuma ya pazia kama mwizi
nikihesabu dakika. Ishirini na sita.
Mtu anaweza kusema mengi kwa dakika ishirini na sita.

Huu mwezi wa saba.
Nachomelea ngazi za nje na vizuizi vya geti.
Mlango wenye tarakimu hufunguka, Delmar huingia,
hunipungia kinyago chake, mlango hujifunga.
Sijui ndani wanajenga nini. Sina ruhusa ya kujua.

Jana mama alipiga. Wamejibu?
Bado.
Akakaa kimya, nikasikia kurasa zikipekuliwa.
Ile karatasi ya hakimu, asema,
ameitoa kwenye Ayubu,
ameihamishia Zaburi.